Baba anarudia hadithi zile zile: tumsikilize au tumnyamazishe?

*"Baba yetu ana miaka 79. Alifanya kazi ya reli hapa Tororo kuanzia 1966. Tangu mama afariki mwaka juzi, amekuwa akisimulia mambo ya zamani kila siku, na hadithi ni zile zile: siku alipoajiriwa akiwa amevaa suruali ya kuazima, miaka ya Amin, wenzake wa kituoni. Akimaliza husema, 'Mimi sasa ni mzigo tu, nangoja treni yangu.' Kaka yangu anasema tusimpe nafasi ya kukaa katika mambo ya kale maana atazidi kuhuzunika. Dada anasema kurudiarudia ni dalili kwamba akili inaondoka. Mimi natamani kumrekodi kwa simu kabla hayo yote hayajapotea, lakini nikiweka simu mbele yake ananyamaza, au anajibu kama mtu aliyeitwa polisi. Nani kati yetu yuko sahihi, na nianzie wapi?"*

Pole kwa kuondokewa na mama. Umeuliza maswali mawili, lakini barua yako ina manne. Je, baba anaumwa? Je, hadithi zinamdhuru? Nirekodi vipi? La nne umelipitia haraka kana kwamba ni msemo wa kawaida wa wazee, nalo ni lile la "mimi ni mzigo". Ni hilo la nne lililolifanya jibu hili liwe refu. Kwa ufupi, kaka yako ana nusu ya ukweli, dada yako ana robo, na wewe una nia nzuri ila umetanguliza simu kabla ya mazungumzo.

Nianze na dada, kwa sababu hofu yake ndiyo inayonyima familia usingizi.

Kusimulia jambo kunahitaji kumbukumbu mbili. Ya kwanza ni ya tukio lenyewe. Ya pili ni ya kulisimulia: nilimwambia nani, na lini. Hii ya pili ni dhaifu hata kwa vijana, na umri huigusa mapema kuliko ile ya kwanza. Ndiyo maana mzee mwenye akili timamu kabisa anaweza kukueleza Jumatano kile alichokueleza Jumapili, akiamini kwamba ndiyo mara ya kwanza unakisikia. Ongeza hapo kwamba wasikilizaji wake wamepungua. Mtu aliyekuwa na mke, majirani wa rika lake na wenzake wa kazini aligawa hadithi zake kwa watu ishirini. Sasa zote zinawaangukia ninyi watatu. Na aliyekuwa akimdakia maneno, "Ndiyo, na mvua ilinyesha siku ile," hayupo tena.

Wala si bahati kwamba anarudi 1966. Ukimwomba mtu wa miaka 70 au 80 ataje mambo anayoyakumbuka vizuri zaidi, mengi yatatoka kati ya umri wa miaka 10 na 30. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kipindi hicho kimejaa mambo ya mara ya kwanza (mshahara, safari ndefu, mchumba, mtoto), na ndicho kipindi mtu anapojua yeye ni nani. Zamu mia tano za usiku za alipokuwa na miaka arobaini na kitu zimeshikamana zikawa kama zamu moja. Siku ya suruali ya kuazima ilikuwa moja peke yake. Kwa rika la baba yako kuna jingine: ujana wao na ujana wa nchi vilikwenda pamoja. Alikuwa mvulana wa miaka 16 hivi bendera ya uhuru wa Uganda ilipopandishwa Oktoba 9, 1962. Aliingia reli mwaka uleule ambao Kabaka, mfalme wa Buganda, alikimbia ikulu yake ya Mengo.

Kwa hiyo kurudia hadithi peke yake si ugonjwa. Vinavyotakiwa kuwashtua ni vitu vingine: akiuliza swali lilelile mara nne ndani ya nusu saa, akipotea njia ya kwenda sokoni aliyoipita miaka hamsini, akichanganya noti ya elfu mbili na ya elfu ishirini wakati hakuwa hivyo, akishindwa kutuma pesa kwa simu ilhali alikuwa akituma mwenyewe, akiacha sufuria motoni mara kwa mara, akibadilika tabia, mpole akawa mkali au msafi akaacha kuoga.

Na hapa kuna mtego unaozinasa familia nyingi. Watu husema, "Akili yake ni nzima, si unaona anakumbuka hata namba ya injini?" Hicho si kipimo. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni huanza kula kumbukumbu mpya, na zile za zamani hubaki imara kwa miaka. Mtu anaweza kusimulia 1966 bila kukosea neno huku hajui kama amekula mchana. Ukitaka kujua hali ilivyo, usimwulize ya 1966. Ongeeni kuhusu jana: nani alipita Jumapili baada ya ibada, tulikula nini, yule mtoto wa jirani aliumwa nini. Fanya hivyo kama mazungumzo ya kawaida, si kama mtihani, na uangalie kwa wiki kadhaa.

Kama mabadiliko yamekuja ghafla, kwa saa au siku chache, huo si uzee na msisubiri wiki. Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, kukosa maji mwilini, sukari iliyopanda au kushuka, vyote vinaweza kumfanya mzee aweweseke bila hata kuwa na homa kali. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Mkienda, tieni vidonge vyake vyote katika mfuko mmoja, na vile vya dukani pia. Vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, ambavyo wengi huviita Piriton kwa jumla, huvuruga akili ya mzee, na amitriptilini inayotolewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu au kwa kukosa usingizi hufanya vivyo hivyo. Kama alianguka akagonga kichwa hata mwezi mmoja uliopita, mwambieni mhudumu, kwa sababu damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu.

Na kama mabadiliko yamekuja polepole, bado kuna sababu zinazotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi pungufu, virusi vya UKIMWI, pombe, na sonona, yaani huzuni nzito iliyogeuka ugonjwa. Kwa hiyo asiwepo mtu wa nyumbani wa kutoa hukumu, dada yako akiwemo. Kazi yake iwe kuandika alichokiona na tarehe yake. Daktari ataithamini karatasi hiyo kuliko maneno "siku hizi anasahausahau".

Sasa kaka. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, madaktari wengi wa Marekani na Ulaya walifikiri kama yeye: mzee anayezungumza ya kale amekata tamaa na ya leo, basi ageuzwe. Mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba mambo hayako hivyo. Mtu anapohisi mwisho wa maisha unakaribia, alisema, hurudi nyuma kuyapitia upya: kuyapanga, kuyapima, kupatana na yaliyobaki bila kupatanishwa. Ni kazi ya kawaida ya umri huo, kama ujana ulivyo na kazi zake. Tangu hapo kumsaidia mzee apitie maisha yake kwa mpangilio kumekuwa hata njia ya kutibu sonona ya uzeeni. Lakini Butler huyohuyo alionya kwamba safari hiyo inaweza kuishia katika majuto na hofu, hasa kwa mtu anayeifanya peke yake. Hapo ndipo kaka yako anapokuwa na nusu ya ukweli.

Mwaka 1991 watafiti wawili wa Kanada, Lisa Watt na Paul Wong, waligawa kukumbuka kwa wazee katika aina sita, na kwa mtu anayemtunza mzee mgawanyo huo unasaidia sana. Kuna kukumbuka kwa kuunganisha: nilipita hiki na kile, na sasa naona vilivyoshikana. Kuna kukumbuka kwa kutumia: niliwahi kukwama namna hii, nikafanya hivi. Kuna kurithisha, yaani kuwapa watoto mila na mafunzo. Kuna kusimulia tu, kama mtu anavyopiga stori jioni. Kuna kukimbilia zamani kwa sababu leo haikaliki ("zamani kila kitu kilikuwa kizuri, sasa takataka tupu"). Na kuna kung'ang'ania, ambako mtu huzunguka kosa moja au uchungu mmoja bila kutoka, kama treni iliyoachwa kwenye njia ya pembeni. Waliokuwa wakizeeka vizuri walikuwa na mbili za kwanza kwa wingi zaidi, na ile ya kung'ang'ania kidogo zaidi.

Kwa hiyo swali si kama azungumze ya kale au asizungumze. Sikiliza anazungumza ya namna gani. Msimulizi anayeunganisha hubadilisha kidogo hadithi yake kila mara, huongeza mtu, hucheka, hukuuliza swali. Anayeng'ang'ania hutumia maneno yaleyale, hufika palepale, na humaliza akiwa amechoka kuliko alivyoanza. Kumnyamazisha hakumtoi huko. Atanyamaza kwa mdomo, kichwani treni iendelee kuzunguka, na sasa bila abiria.

Kinachomtoa ni swali la pembeni. Hapa ndipo ningependa utumie nguvu zako nyingi, kwa sababu msikilizaji mzuri anaweza kuihamisha hadithi kutoka aina moja hadi nyingine bila mzee kuhisi amesukumwa.

Chukua ile ya suruali. Ameisimulia mara hamsini, na labda kila mara mnaitikia "mmh" mkijua inakoishia. Mara ijayo usiende kunakoishia. Uliza: "Suruali ilikuwa ya nani?" Utapata mtu mpya. "Uliirudisha lini, na ulimpa nini?" Utapata mshahara wa kwanza. "Ilikutosha, au uliifunga kwa kamba?" Utamwona akijitazama kiunoni. "Siku ya kwanza ya kazi nani alikuonyesha jinsi ya kupanga njia ya treni? Alikuwa mkali?" Kisha, mkiwa mmeshafika mbali: "Kijana mwenye suruali ya kuazima akija hapa leo kuomba kazi, utamwambia nini?" Hilo la mwisho limehamisha hadithi kutoka kusimulia tu hadi kutumia, na baba yako ametoka kwenye kiti cha anayesikitikiwa akakaa kwenye kiti cha anayeulizwa.

Maswali yanayofungua ni ya miguu, mikono, pua na masikio: ulitoka nyumbani saa ngapi, ulipita njia gani, mlangoni alikuwa nani, palinukaje, ni sauti gani ilikuamsha. Swali "ulijisikiaje?" likija mapema hupata jibu "vizuri tu". "Kwa nini ulifanya hivyo?" husikika kama lawama. Maswali mawili kwa pamoja hujibiwa moja. Na akinyamaza, nyamaza nawe. Hesabu hadi kumi moyoni. Vijana wengi hujaza kimya kwenye sekunde ya tatu, na ni katika ile ya saba ndipo mzee alikuwa anakuja na jambo lenyewe.

Usimsahihishe tarehe. Akisema 1970 na wewe unajua ni 1971, acha ipite; utapanga baadaye kwa matukio. Chora mstari kwenye daftari uweke juu yake mambo yasiyobishaniwa: mvua kubwa za 1961, uhuru 1962, Amin kuchukua serikali Januari 1971, Wahindi kufukuzwa 1972, Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 (hilo mtu wa reli hawezi kulisahau, maana shirika lake liligawanywa), Amin kuondoka Aprili 1979, Museveni kuingia Kampala Januari 1986, pesa mpya za 1987 zilizokatwa sifuri mbili. Kisha uliza: "Hilo lilikuwa kabla ya pesa mpya au baadaye?" Wazee wengi wanajibu swali hilo bila kusita, wakati "mwaka gani?" huwatia wasiwasi.

Na kwa kuwa mtakuwa mnapekua karatasi za miaka hiyo, tazameni pia mwaka wa kuzaliwa ulio kwenye kitambulisho chake cha taifa. Kwa watu wa rika lake mwaka huo mara nyingi ulikisiwa, na ruzuku ya serikali kwa wazee, ile ya SAGE ya shilingi 25,000 kwa mwezi, huangalia kitambulisho. Ilipopanuliwa nchi nzima ilianzia kwa wenye miaka 80. Baba yuko karibu, basi ulizeni mapema kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa gombolola yenu. Shilingi hizo hazijengi nyumba, lakini mzee anayejinunulia sukari yake huzungumza tofauti kuhusu mzigo.

Tufike hapo kwenye mzigo. Mtu akisema "mimi ni mzigo", jibu letu la haraka ni "Hapana baba, usiseme hivyo!" Tunamaanisha mapenzi, lakini yeye anasikia kwamba mada imefungwa. Jaribu kinyume chake: "Ni lini leo umejiona mzigo?" Huenda likatoka jambo dogo linalorekebishika. Choo kiko mbali na goti linauma. Anaogopa kuomba pesa ya betri za redio. Wajukuu wanapita bila kumsalimu kwa sababu wanatazama simu. Huenda hasikii vizuri, na mtu asiyesikia hujitenga mwenyewe. Kituo cha afya kitatazama kama ni nta tu iliyoziba (msiichokonoe kwa njiti ya kiberiti). Mkizungumza naye kaeni upande wa sikio lililo bora, uso wako ukiwa kwenye mwanga, na sauti iwe nzito badala ya kuwa kali.

Baada ya hapo mpeni kazi ya kweli. Nasema ya kweli kwa sababu wazee huijua kazi ya kuigiza. Awe ndiye anayeulizwa mbegu zipandwe lini, awe shahidi wenu kuhusu mipaka ya shamba, awe na mjukuu mmoja ambaye kila Jumamosi humletea swali moja la shuleni la historia ya Uganda.

Sipendi sana mahubiri ya "uzee ni baraka" yanayotolewa na watu wa miaka 35. Mtazamo mzuri kuhusu kuzeeka hauji kwa kuambiwa utabasamu. Hata hivyo una uzito wake. Mwaka 2002 Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walichapisha matokeo ya watu 660 wenye miaka 50 na zaidi wa mji mmoja wa Ohio, Marekani: waliokuwa wameuona uzee wao kwa jicho zuri waliishi takriban miaka 7.5 zaidi ya wale waliouona kwa jicho baya, hata baada ya kuzingatia umri, afya na kipato. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mtazamo peke yake ndio ulioleta miaka hiyo, na Ohio si Tororo. Lakini inaeleweka kwamba anayeamini miaka yake iliyobaki ina kazi humeza dawa zake za presha, hutembea, huenda kupimwa. Mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Stanford naye ameonyesha kwamba watu wanapoona muda uliobaki ni mfupi huchagua: hupunguza marafiki wa juujuu, hushika walio karibu na moyo, na macho yao huvutwa zaidi na mambo mema. Kwa hiyo kaka yako asishangae baba akisimulia siku mbaya na kumalizia kwa kicheko. Si kwamba anajidanganya.

Lazima niseme wazi pia kuhusu upande wa giza. "Nangoja treni yangu" kwa mzee mwenye imani inaweza kuwa kauli ya utulivu kabisa. Inaweza pia kuwa mlango wa kitu kingine. Tazama wiki mbili: je, hataki tena vitu alivyovipenda, hali chakula, halali usiku au analala mchana kutwa, amekonda, anajilaumu, anagawa vitu vyake, hamtazami mtu? Kama ndiyo, mwulize waziwazi: "Baba, huwa unafikiria kujiondolea maisha?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo; humpa ruhusa ya kulisema. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa za shamba na vidonge vitolewe nyumbani leo, na apelekwe hospitali. Hospitali ya rufaa ya Mbale, ambayo iko karibu nanyi, ina kitengo cha afya ya akili. Butabika ya Kampala ndiyo ya taifa. Sonona ya uzeeni inatibika.

Kuhusu miaka ya Amin na iliyofuata, kanuni yangu ni moja: anayefungua mlango ni yeye. Unaweza kuuliza "Miaka hiyo kituo kilikuwaje?" lakini si "Uliona watu wakiuawa?" Akiingia mwenyewe, msikilize bila kumsukuma asamehe na bila kumtaka maelezo ya damu. Simama ukiona pumzi zinakimbia, mikono inatetemeka, macho yametulia mahali pamoja, au ameanza kusimulia kana kwamba inatokea sasa. Mwite kwa upole: "Baba, tuko nyumbani. Ni saa nne asubuhi. Shika kikombe." Mwache ahisi miguu yake chini, anywe, atazame nje. Kama ndoto mbaya zitaendelea usiku kadhaa, sitisheni mada hiyo mpaka mzungumze na mhudumu wa afya ya akili. Mazungumzo yasiyo na uzito huo nayo yamalizike kwenye leo: mvua, kuku, nani anakuja kesho.

Tuje kwenye simu. Ananyamaza kwa sababu nzuri. Kwa mtu aliyeishi miaka ambayo maneno yako yangeweza kufikishwa usikotaka, kifaa kinachohifadhi sauti si kitu cha kuchezea. Mweleze kabla ya kukiwasha: ni kwa ajili ya nani, nani atasikia, kitawekwa wapi, na kwamba akisema "futa hapo" utafuta mbele yake. Kisha timiza. Kumrekodi kwa siri halafu aje kugundua kutafunga mlango huo moja kwa moja, na sitakushauri hilo hata kidogo.

Vikao viwili au vitatu vya kwanza usirekodi kabisa. Leta kitu cha kushika: kofia ya kazi, picha, hati ya malipo, tiketi ya kodi ya zamani (ile kodi ya watu wazima iliyosimamishwa 2005, wazee wengi bado wanazo zimekunjwa ndani ya Biblia au Kurani). Mkono ukishika kitu, mdomo hufuata. Akizoea, weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa ili meza isitetemeshe sauti, umbali wa shubiri moja na nusu kutoka kwake, pembeni kidogo ya uso badala ya mbele. Igeuze kioo chini ili mwanga usimvute. Iweke katika hali ya ndege (airplane mode), maana simu ikiingia katikati baadhi ya simu hukata rekodi bila kukuambia. Jaribu kwa sekunde 30, sikiliza, ndipo uanze.

Saa nzuri ni asubuhi baada ya chai, dakika 30 hadi 45, zisizidi saa moja. Redio izimwe. Kaeni ndani ya chumba chenye mapazia, kitanda au mikeka, vitu vinavyomeza mwangwi. Mvua juu ya mabati ikianza, acha. Ni vigumu programu kuitoa vizuri sauti hiyo baadaye. Saa moja ya kurekodi kwa kilobiti 128 kwa sekunde inakula MB 58 hivi, wakati faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, linaweza kupita MB 300, kwa hiyo angalia nafasi kabla. Anza kila rekodi kwa kusema tarehe, mahali na majina. Siku hiyohiyo lipe faili jina linaloeleweka, kama *2025-08-16-baba-suruali*, na uweke nakala tatu: kwenye simu, kwenye kadi au kompyuta, na kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Ukimtumia kwa WhatsApp, tuma kama faili la waraka; ujumbe wa sauti wa kawaida hubana ubora.

Lugha nayo: mwache achague. Kumbukumbu huja hai zaidi katika lugha zilimoingilia. Mambo ya kituoni huenda yakatoka kwa Kiswahili pamoja na matusi yake yote ya kazini, na mambo ya mama yake yakatoka kwa lugha ya nyumbani. Usimkatize kumwambia "sema Kiswahili ili wajukuu waelewe". Tafsiri ni kazi yako ya baadaye.

Kaka na dada wapewe nafasi pia. Dada ana daftari la dalili. Kaka, kwa kuwa anaogopa huzuni, awe mwenye kumsikilizisha baba rekodi baada ya wiki moja. Wazee wengi wakisikia sauti yao hucheka, husema "hapo nilikosea", na huongeza sehemu iliyokuwa imefichika.

Na kama hatataka kurekodiwa kamwe? Basi nunua daftari la kurasa 96. Kila jioni baada ya kuzungumza naye, kaa dakika kumi uandike mistari mitano, ukitumia maneno yake mwenyewe kadiri unavyoyakumbuka, na jina la mtu mmoja mpya aliyetajwa. Mwenye suruali atakuwa ukurasa wa kwanza.